Mlio wa Kumwita Mama

"Zima hiyo spika!"

"Subiri kidogo, mpenzi. Anakuja, anakuja... mtazame!"

Mkunga alitazama. Swala jike alikuwa ametoka vichakani mbio, masikio yamesimama, akalizunguka gari lao kwa hofu. Juu ya boneti, spika ndogo ilitoa mlio wa ndama anayeteseka. Hapakuwa na ndama yeyote. Mpigapicha, mchumba wake, alikuwa na mlio huo kwenye simu yake, iliyounganishwa na spika, ili wanyama waisogelee kamera yake.

"Huyo ni mama. Anatafuta mtoto wake."

"Ni mnyama tu, kesho atasahau. Lakini hii video, watu watachanganyikiwa!"

Ilikuwa siku ya nne ya safari yao ya kaskazini, wawili tu na hema, kwa gari ambalo Mkunga aliliazima kwa kaka yake. Alichukua likizo kutoka kazini kwake, wodi ya wazazi, akitaka mambo mepesi: kuona twiga asubuhi, kunywa chai nje ya hema, kupanga harusi ya mwezi ujao. Siku ya kwanza Mpigapicha alikojoa kwenye kidimbwi walimokuwa wakinywa maji pundamilia. Ya pili aliwarushia nyani mabaki ya chakula ili wagombane. Ya tatu alimgeuza kobe kwa ncha ya kiatu, apate picha ya tumbo, akaondoka akimwacha miguu juu. Mkunga ndiye aliyerudi kumwinua. Kila mara alijisikia kama mtu aliyeona unywele kwenye chakula, akautoa, akaendelea kula.

Sasa alishindwa kumeza.

Ghafla mlio ukakatika, spika ikaanza kuita. Simu ilikuwa imeingia, maana kilimani pale ndipo walipopata mtandao kwa mara ya kwanza tangu jana. Mpigapicha, kamera mikononi, akahangaika kuitafuta simu mfukoni. Mkunga alifungua mlango, akashuka, akabonyeza kitufe cha spika akidhani anaizima. Kumbe amepokea.

"Hatimaye!" Sauti ya mwanamke ilitapakaa porini. "Wewe baba gani? Mtoto ana homa siku ya tatu! Ulisema nisimpeleke hospitali, unakuja na dawa. Dawa iko wapi?"

Swala akatimka.

"Kata!" Mpigapicha alinong'ona, uso umemshuka. "Kata, nitakueleza."

Mkunga hakukata. Aliichukua ile spika akaileta karibu na mdomo.

"Dada, mtoto ana umri gani?"

"Miezi minane. Wewe nani?"

"Mimi ni mkunga. Mengine tutaongea baadaye. Ananyonya?"

"Tangu asubuhi anakataa."

"Nepi?"

"Kavu."

"Mguse utosini, taratibu. Ukoje?"

Yule mama alianza kulia. "Umebonyea, dada. Umebonyea kabisa."

"Sikiliza. Usimsubiri mtu. Mbebe, gonga kwa jirani, nenda hospitali sasa hivi. Njiani mpe maji ya chumvi na sukari kama unayo, kijiko kimoja kimoja. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Lakini huyo mwanaume yuko wapi? Jana kaniandikia, 'Niko semina, mtandao mbovu, vumilia mke wangu.'"

"Yuko hapa. Namleta hospitalini."

Alikata. Akamtazama Mpigapicha, akaona jasho juu ya mdomo alioubusu asubuhi ile. Alijifuta midomo kwa kiganja, mara mbili.

"Ingia kwenye gari."

"Na hema?"

"Utalikunja tukipita kambini. Una dakika tano."

Aliendesha mwenyewe, saa sita nzima, barabara ya vumbi kisha lami. Mpigapicha alijaribu kila kisingizio.

"Niliteleza mara moja tu, mpenzi."

"Umemwita 'mke wangu.' Na mimi huwa unaniita hivyo hivyo."

"Yule ananing'ang'ania tu."

"Ulimwambia asimpeleke mtoto hospitali. Kwa nini?"

"Wangeuliza baba yuko wapi. Angenipigia kila saa, na nilikuwa na wewe. Nilikuwa nalinda penzi letu!"

Mkunga alisimamisha gari kando ya barabara, akafungua mlango, akatapika. Aliporudi alisukutua kinywa, akawasha gari. Kilomita kadhaa mbele Mpigapicha akauliza kwa sauti ya chini:

"Ile video ya swala, unadhani niitoe leo au kesho?"

Mkunga akaongeza mwendo.

Walifika hospitalini saa kumi na moja jioni. Wodi ya watoto ilinuka dawa ya sakafu. Mtoto alikuwa amelala, dripu mkononi, kifua kikipanda na kushuka vizuri. Muuguzi alisema yule mama angechelewa kwa saa mbili tu, habari ingekuwa nyingine. Mama yake, binti mwembamba mwenye kanga iliyolowa maziwa, aliinua macho.

Mpigapicha hakumshika mtoto. Alitoa simu, akainama, akatafuta pembe yenye mwanga.

"Unafanya nini?" yule mama aliuliza.

"Nampiga picha. Watu watamwombea."

"Toka."

"Mimi ni baba yake!"

"Hospitali ina fomu ya kujaza, nitaandika jina lako ili ulibebe jukumu. Lakini hapa kitandani, toka!"

Mpigapicha alimgeukia Mkunga. Mkunga alikuwa ameshavua pete, akamwekea juu ya begi la kamera kama mtu anayetua kitu kichafu.

"Na sisi je?" Mpigapicha aliuliza.

"Sisi nani? Mimi niko na mgonjwa."

Muuguzi alimwonyesha mlango. Viatu vya Mpigapicha vikasikika hadi mwisho wa korido.

Wanawake wawili walibaki kando ya kitanda, hawajui waitane nani.

"Umekula?" Mkunga aliuliza.

"Tangu jana, hapana."

"Nakuletea uji na chai. Usiache kumnyonyesha akiamka."

Kwenye foleni ya kantini aliandika ujumbe: "Mama, harusi hakuna. Niko salama. Nitakueleza nikifika."

Jibu lilikuja kabla hajafika dirishani: "Mungu mkubwa! Mimi na baba yako tulikuwa tunamvumilia kwa ajili yako tu. Njoo nyumbani, mwanangu."

Mkunga alicheka peke yake, machozi yakimtoka, akaagiza uji na chai, vikombe viwili viwili.