Ufunguo wa Pili

Fundi wa ndege alikuwa amelala chali mbele ya rafadha, lile panga linalozunguka puani mwa ndege ndogo ya abiria. Chuma hicho kilikuwa kimempiga kichwani. Banda zima lilinuka petroli, na damu ilikuwa imefika hadi kwenye sanduku la spana.

Inspekta alipoingia, saa tatu asubuhi, meneja wa kiwanja alimkabidhi fomu iliyokwisha kujazwa. Chanzo cha ajali: uzembe wa fundi.

"Umeandika haraka."

"Ndivyo ilivyokuwa, Inspekta. Alizungusha rafadha kwa mkono, kama kila asubuhi, lakini leo ameacha ufunguo kwenye swichi. Injini ikashtuka, ikawaka."

"Marehemu ni nani wako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

Jicho kavu kabisa. Inspekta alikwisha kuona wafiwa wa kila namna, lakini wa kujaza fomu kabla ya kufunika maiti hakuwahi kumwona.

Mke wa marehemu, mpishi wa kantini ya kiwanja, alisimama mlangoni.

"Mzembe?" alimwambia meneja. "Shemeji, wewe wa kusema hivyo? Mtu aliyekulea? Miaka ishirini na mbili hajagusa rafadha kabla ya kuchomoa ufunguo na kuuvaa shingoni. Nyumbani tulimtania kwamba ameoa ndege."

"Siku moja tu inatosha kusahau, shemeji."

Inspekta akapanda chumba cha rubani. Ni kweli, ufunguo ulikuwa kwenye swichi, na swichi imewashwa. Akashuka.

"Ndege hii ina funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja anakaa nao fundi."

"Na wa pili?"

"Kabatini, ofisini kwangu."

"Nani anafungua hilo kabati?"

"Mimi tu."

Daktari wa polisi alishusha zipu ya ovaroli ya marehemu, kisha akamwita Inspekta kwa kichwa. Kamba nyeusi ilizunguka shingo. Kwenye kamba, umegandwa na damu, ulining'inia ufunguo.

"Wake huu hapa," Inspekta alisema. "Ule wa kwenye swichi umetoka wapi?"

Meneja alirudi nyuma hadi kwenye ngazi ya ndege.

"Twende tukafungue kabati?"

"Hakuna haja." Akakaa kwenye ngazi. "Jana aliwashusha abiria wangu. Alisema bawa lina ufa, hataweka saini ndege iruke. Nikamwamuru mbele ya watu. Akanijibu, 'Rudi ofisini, mdogo wangu.' Wakacheka wote. Mimi ndiye meneja, Inspekta. Tangu utoto mimi ni mdogo wake tu."

"Ukawasha swichi kabla hajafika."

"Nilijua hataiangalia. Aliuamini ufunguo wake."

"Ilibidi umvue ule wa shingoni, uongo wako ukamilike."

"Nilikwenda. Nikainama. Nilishindwa kumgusa."

"Kumuua uliweza."

Inspekta alimbana pingu zaidi kuliko ilivyohitajika, wala hakuona aibu. Kisha akaichukua ile fomu, akakata neno uzembe, akaandika mauaji.

"Andika na bawa," mjane alisema.

"Bawa?"

"Kwamba ni bovu. Asije mtu akairusha ndege hii kesho, wakati yeye amekufa kwa kuikataa."

Inspekta akainua uso. Upande wa chini wa bawa ulikuwa na duara la chaki, na ndani yake ufa wenye urefu wa kidole. Akauandika.