Umeme Ukikatika Anapiga Mluzi

Umeme ulikatika adhuhuri, pangaboi likazunguka kivivu likasimama, ndipo Sugra aliposikia mluzi. Mwembamba, wa mtu aliyebana midomo. Akatoka uani kutazama. Hakuna mtu. Nyati wa maziwa kalala kivulini anacheua, hata sikio hatikisi.

"Nani anapiga mluzi, Mama?" akamuuliza mama mkwe wake, Bibi Bashiran, aliyekuwa anamenya vitunguu saumu.

"Mluzi gani? Kaa umenye na wewe."

Wakati huo Sugra alikuwa kwenye sindano za manjano nyeusi. Ndivyo kule Punjab wanavyouita ule ugonjwa wa ini unaokaa kimya kwenye damu. Wengi pale kijijini waliupata kwa tabibu wa kichochoroni, mwenye sindano moja na sufuria ya maji moto, maana mgonjwa wa kule ukimpa vidonge vitupu anaona umemdhulumu, yeye anataka achomwe. Naziran, dada yake Sugra, alichomwa hivyo hivyo, baadaye tumbo likamjaa maji akafa. Kwa hiyo daktari wa mjini alipomwambia Sugra ziko sindano safi za kuosha damu, ila akiziacha njiani ugonjwa utarudi, aliapa atazimaliza.

Zikamtesa kweli. Homa, nywele kutoka, viungo kuuma, yote akayabeba. Yaliyomshinda ni masikio. Yakaziba kama ya mtu aliyezama kisimani, akiinuka nyumba inazunguka, na mluzi haumwachi. Halafu kila mtu akawa daktari. Jirani alimmiminia mafuta ya haradali ya moto, sikio likababuka. Mumewe, Riyasat, akamwambia aache kuwaza. Daktari mwenyewe akasema, "Hiyo ni dawa inakusumbua. Usitie kitu sikioni. Inuka pole pole, weka redio ya sauti ndogo upate cha kusikiliza. Tutakupima masikio, ila usiache sindano kwa kichwa chako. Zikiisha, huenda patatulia."

"Huenda," Sugra alimwambia mumewe wakirudi. "Nimeungua jua kutwa nzima kufuata huenda."

Redio ilisaidia. Pangaboi nalo lilisaidia. Lakini mgao wa umeme wa kule hauna haya, na redio ya betri Bibi Bashiran alikuwa akiizima kwa heshima ya adhana, kisha anaisahau. Ukimya ukishuka tu, huyo amekuja.

Alasiri moja, wote wamelala kwa joto, mluzi ukakatika, ukawa maneno.

"Dada. Acha sindano."

Ilikuwa sauti ya Naziran. Sugra akabaki kwenye kitanda cha kamba, mkono kauweka sikioni asijue kama anaziba au anasikiliza, na chumba kikaingia harufu ya udongo wa kaburi uliotoka kumwagiwa maji, ikamjaa puani na kooni, na ile sauti ikazidi kusogea, ikitoka ndani kuja nje, si nje kuja ndani, mpaka akahisi pumzi yake ya baridi inamtambaa shavuni kwa upande wa ndani, na kila pumzi ilikuwa neno lile lile, acha, acha, acha.

Alipomsimulia Bibi Bashiran, bibi hakubisha hata kidogo. Jioni ile ile akamleta Sain Buta, mtoa majini. Sain akatupa pilipili kavu kwenye makaa, nyumba nzima ikakohoa.

"Kaingilia kwenye tundu la sindano," Sain akanong'ona. "Mfungieni mlango, nami nitamtoa. Acha sindano, binti."

Mluzi ukanyamaza ghafla. Sugra akamtazama.

"Hebu sema tena, Sain."

"Acha sindano."

Na humo sikioni Naziran akayasema pamoja naye, neno kwa neno, taratibu, kama watoto wa chuoni wanaofuatisha mwalimu.

Sugra akainuka kashika ukuta. "Dada yangu aliomba dawa mpaka ulimi ukamkauka. Asingeniambia niache. Huyu si dada yangu. Na wewe, Sain, beba pilipili zako."

"Unamfukuza mtu wa Mungu nyumbani kwangu?" Bibi Bashiran akafoka.

"Mama, wako wawili wananiambia kitu kimoja. Huyu aliye nje ya sikio ndiye ninayemuweza."

Kuanzia hapo redio akalala nayo kifuani, na adhana ikiisha anaiwasha mwenyewe. Yule naye akachachamaa. Siku ya sindano ya mwisho alimwita kwa sauti ya dada, ya baba, ya mtoto aliyemzika hata jina hajampa, akabembeleza, akatukana, akalia kama ndama aliyeachishwa ziwa, na Sugra akanyoosha mkono machozi yanamtiririka, akachomwa.

Damu ilipopimwa ilikuwa safi. Daktari akasema nyumba nzima ikapimwe.

"Mimi?" Bibi Bashiran akacheka. "Mimi nina nini? Kapimeni kuku."

Wiki haikuisha, umeme ukakatika wakiwa wanakula. Sugra akasubiri kama alivyozoea. Kimya. Akasikia chapati ikichanika mkononi mwa mumewe, akasikia nzi. Masikio yake yalikuwa yake.

Hapo akaona mama mkwe wake ameshikilia tonge hewani, kichwa kainamisha upande mmoja.

"Sugra," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Mama yangu alikufa zamani, siyo?"

"Zamani sana, Mama."

"Mbona yuko humu?" Akagusa sikio. "Ananiambia nisiende kupima."

Sugra akasukuma sahani. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imeshafika mezani.

"Usimwitikie," akasema. "Riyasat, mletee mama viatu vyake. Tunatoka sasa hivi."