Jina Ubavuni mwa Meli

Kikohozi kilitoka ukutani mara tu Asumani Ramazani alipolitaja neno hilo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, sebuleni mwake, katika mtaa wa Kamalondo, mjini Lubumbashi. Wasafiri walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa majirani, naye alikuwa akiwaeleza watakayoyakuta melini. Safari ingeanzia Kasenga, ishuke mto Luapula hadi ziwa Mweru, na kurudi.

"Bato iko kidogo," aliwaambia. "Musifikiri munaenda ku hoteli. Kabini iko sita tu, na katikati iko ubao. Jirani akikohoa, utamusikia."

Nyuma ya mgongo wake mtu akakohoa, kikohozi kizito cha kifua kilichojaa maji.

Wasafiri walicheka, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Mama Germaine, muuguzi mstaafu, binti wa watu wa reli, aliinua kidole kama mwanafunzi.

"Na mamba-muntu, ule mwenye kukamata batu mu maji, Papa Chadia, iko ndani ya bei?"

"Ule anasafiri bule," Asumani alijibu, na kicheko kikazidi.

Bahati, mkewe, hakucheka. Alisimama na sinia ya chai mkononi, akiutazama ukuta ule. Upande wa pili hapakuwa na chumba. Palikuwa na mfereji mkavu na ua wa jirani. Alivuta pumzi, akasikia harufu ya tope na matumbo ya samaki.

Meli hiyo Asumani aliinunua kwa mzee Kapya wa Kasenga, aliyeiunda kwa mikono yake. Siku ya kukabidhiana, mzee alimwambia kwamba katika ukoo wake chombo hupewa jina la marehemu, kamwe si la mtu aliye hai, kwa kuwa aliye majini hulisoma jina lile na kumtaka mwenyewe. Asumani alikuwa amesoma dini kiasi cha kuyacheka maneno hayo. Alinunua rangi ya buluu na kuandika ubavuni, kwa herufi kubwa, CHADIA, jina la mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka kumi na sita. Kwa jina hilo yeye mwenyewe aliitwa Papa Chadia na mkewe Mama Chadia, tangu siku binti huyo alipozaliwa.

Baada ya mkutano ule, mambo waliyoambiwa wasafiri yalianza kuwafuata wenye nyumba. Asumani alikuwa amewaonya wabebe mizigo midogo kwa sababu kabini hazina nafasi. Siku iliyofuata mlango wa chumba cha Chadia haukufunguka zaidi ya nusu, kana kwamba nyuma yake pamelala kitu kikubwa na laini. Alikuwa amewaambia sakafu itayumba. Bahati alipokuwa akikaanga samaki mchana, aliyaona mafuta yakikusanyika upande mmoja wa kikaango, yakatulia, kisha yakarudi polepole upande wa pili, na jiko lilikuwa limesimama imara juu ya saruji.

Jumatatu, wakati wa chakula, Chadia aliweka mezani sahani nne.

"Hii ya ine iko ya nani?" mama yake alimuuliza.

"Ya kapiteni. Papa alisema tutakula naye meza moja."

"Papa alisema na basafiri. Hakusema na weye."

"Ule wa ku ukuta anasema na mimi niko musafiri," alijibu binti, akaanza kupakua ugali wa bukari bila kuinua macho.

Asumani aliusukuma mkono wake kando. "Acha michezo."

Jioni ya siku hiyo umeme ulikatika kabla ya magharibi. Bahati alitoka uani na kibatari, akapita ukumbini ambako tope lilinuka sasa kuliko sabuni na kuliko moshi wa makaa, na kila alivyopiga hatua ukumbi ulizidi kuwa mwembamba, mpaka mabega yake yakagusa kuta zote mbili kwa pamoja, na kuta zilikuwa za baridi na zilitetemeka kama mbao zilizo juu ya injini, na mahali fulani mbele yake sauti ya mwanamume ilikuwa ikiita taratibu, bila hasira, kama anavyoita karani wa gati anayewajua abiria wake, Chadia, Chadia, na kila ilipoita, sauti nyembamba ya mwanawe iliitika. Alimkuta binti amesimama, uso ukiwa karibu kuugusa ukuta. Nywele zake zilichuruzika maji, na bomba la nyumba hiyo lilikuwa kavu tangu asubuhi.

"Mama," alinong'ona, "anasema nafasi yangu iko tayari."

Kulipopambazuka Bahati alimleta mwalimu Idriss, anayesomesha watoto msikitini. Hakuleta hirizi wala ngoma. Alisoma, akaweka sikio ukutani, akasoma tena kwa muda mrefu. Alipomaliza, alikaa mkekani na kufuta jasho.

"Huyu jini si mwizi," alisema kwa sauti ya chini. "Amepewa. Asumani, umeandika jina la mtoto wako kwenye kitu cha maji, naye amekuja kuchukua alichoandikiwa. Njia ni mbili. Jina litoke kwenye meli, ama litoke kwa mtoto."

"Basafiri banaondoka Alhamisi," Asumani alisema. "Kila karatasi ya ruhusa iko na jina ile. Nikiifuta, bato haitoke."

"Unapenda mbao kuliko mutoto?" Bahati aliuliza.

"Mbao njo inalisha mutoto. Na weye pia inakulisha."

"Basi ikuzike nayo."

Mwalimu aliwaacha wamalize. Kisha alimketisha binti, akamfunika shuka jeupe, akamwadhinia sikioni kama anavyoadhiniwa mtoto mchanga aliyezaliwa jana, na kumpa jina la Rachida.

"Lile la zamani lisitoke tena kinywani mwa mtu anayemjua," alisema. "Anayelitaja anamwita. Na jini ndiye atakayeitika kwa niaba yake."

Maneno hayo hayakukaa hata saa moja. Claudine, jirani, alikuja kuchukua viti vyake na kuita getini kama kawaida, "Mama Chadia, uko?" Mara msichana akajikunja, akakohoa, na mdomoni mwake likatoka tope la kijani pamoja na magamba madogo ya samaki.

Bahati alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. "Mimi sasa ni Mama Rachida," aliwaambia. Wengine walimdhihaki wakimuuliza alizaa lini, lakini walipomtazama machoni waliacha. Asumani ndiye aliyepata taabu. Mara mbili alifungua kinywa kumwita mkewe akakifunga katikati ya neno, akiwa amekasirika kama mtu aliyekatazwa kuingia chumbani mwake. Jumatano alikwenda Kasenga bila kumuaga.

Siku ya pili yake nyumba ilitulia. Ukuta ulikauka, mlango ulifunguka wote, na msichana aliomba chakula. Alikaa uani juani akila mikate ya mafuta, vidole vikimng'aa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alimcheka kuku aliyekuwa akimvizia. Bahati alimtazama, akamwongezea mkate mwingine.

Simu ikalia. Alikuwa Asumani, na hata kabla hajasema, Bahati alitambua kwa pumzi zake kwamba hasira imemwisha. Nyuma yake maji yalipiga mbao.

"Niko ndani ya bato," alisema. "Basafiri banafika saa hii. Nimewaza usiku muzima. Umenishinda. Vieux Kapya iko naleta rangi, tutafuta ile jina mbele ya kuondoka, na kama banatukataza kutoka, bakataze. Unanisikia? Unisamehe, Mama Chadia."

Jina lile lilimtoka laini, kama lilivyomtoka kila siku ya ndoa yao.

Bahati aligeuka. Msichana alikuwa ameinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Mkate ulimponyoka. Midomo yake ilifunguka, koo likapanda na kushuka, ulimi ukatamka neno zima, kisha jingine, na hakuna sauti iliyotoka.

Sauti yake ilitoka kwenye simu, kutoka mbali kidogo na kinywa cha Asumani, upande wa kabini.

"Eyo, papa. Niko hapa."

Maji yaliendelea kupiga mbao. Asumani aliposema tena, alinong'ona.

"Bahati. Mutoto amefika huku na nani?"