Mama Marion Apanda Lori

Kila asubuhi Muhonja aliuza chapati karibu na geti la kiwanda, pale mtaa wa Baba Dogo. Mumewe, Kweyu, alifanya kazi ndani ya kiwanda hicho. Walikuwa na ploti ndogo kule Ruai na akiba ya miaka tisa. Chumba chao cha kupanga kilivuja, na binti yao Marion alikohoa kila msimu wa mvua. Muhonja alimwomba Mungu jambo moja tu: wajenge na kuhamia nyumba yao wenyewe kabla ya masika.

Walimwita Bwire, mkandarasi waliyesali naye kanisa moja. Alipima ploti, akapiga hesabu.

"Niachieni kila kitu," alisema. "Nyinyi mtangoja ufunguo."

Lakini kwa bei yake, akiba ingeishia kwenye kuta. Pesa ya mabati isingebaki.

Muhonja alimweleza jirani yake, Kavutha, ambaye alikuwa amefanya kazi ya mjengo miaka kumi na mitano. Kavutha akacheka.

"Mama Marion, huyo anakuuzia mawe na simiti, halafu anakuuzia kusimama kwake pale akiangalia. Kusimama huwezi?"

"Mimi najua chapati tu, dada."

"Unga wa chapati unaupima?"

"Naupima."

"Basi umeshaanza. Ramani ipitishwe kwanza na kaunti. Tafuta fundi mzuri, umlipe ufundi tu, kila hatua ikiisha na ukiwa umeiona. Vifaa nunua mwenyewe. Simiti chukua ya wiki moja, uiweke juu ya mbao. Ikikaa chini itashika unyevu na kuwa jiwe."

Wakampata fundi aitwaye Mutie. Kweyu alienda ploti siku zake za mapumziko, na siku nyingine alienda Muhonja, akishamaliza chapati.

Lori la kwanza la mchanga lilipofika, dereva aliteremka akitabasamu. Jina lake Willis.

"Bwana asifiwe, mama!"

"Amina!" Muhonja alifurahi. Aliona haya kumkagua mtu wa Mungu, akamlipa. Mchanga ulipomwagwa, Mutie aliuangalia akatikisa kichwa. Ulikuwa pungufu sana.

Jioni hiyo Muhonja alimlilia Kavutha. "Lori lilijaa! Niliona kilima kabisa!"

"Uliona kilima cha katikati. Pembeni kulikuwa na mashimo. Ulipanda?"

"Nipande lori, mimi? Na yule alinisalimia kwa jina la Bwana. Nikimkagua si nimekosa imani?"

Kavutha alimshika mkono. "Ulimwomba Mungu nyumba. Macho alikupa zamani, yatumie. Panda, mwambie asawazishe, uone umefika wapi. Ndipo ulipe."

Usiku huo Muhonja aliomba kwa maneno machache: "Bwana, niondolee kuona haya."

Lori la pili lilikuja Jumatano. Muhonja alifunga leso kiunoni, akakanyaga gurudumu, akapanda.

"Mama, unaenda kuhubiri huko juu?" Willis aliuliza. Vibarua wakaangua kicheko.

"Nahubiri kwa pembe hizi nne. Leta beleshi!"

Waliposawazisha, mchanga ulishuka chini ya ukingo wa lori kwa zaidi ya shubiri moja.

"Mama, hii ni kawaida tu," Willis alinung'unika.

"Basi na mimi nilipe nusu, iwe kawaida yangu. Au rudi ujaze."

Willis akarudi kujaza.

Tangu siku hiyo Muhonja alihesabu mawe yakishushwa. Alimwagilia kuta maji asubuhi na jioni, ili simiti ishike vizuri. Ukuta mmoja ulipopinda, alimwomba Mutie aubomoe, na Mutie akakubali, kwa sababu hatua hiyo ilikuwa haijalipwa.

Mabati yalipigwa mwezi wa Machi. Ile pesa ambayo ingekuwa ya kusimama kwa Bwire ndiyo iliyoyanunua. Mvua ya kwanza iliwakuta ndani. Marion alilala hadi asubuhi bila kukohoa. Muhonja alikaa kitandani akisikiliza mabati, akashukuru hadi akakosa maneno.

Wiki iliyofuata, jirani wa ploti ya pili aliagiza mchanga. Lori likasimama. Willis alimwona Muhonja mlangoni, leso ikiwa kiunoni.

Hakungoja kuambiwa. Alichukua beleshi, akapanda juu mwenyewe, akaanza kusawazisha.