Joto la Kiti cha Abiria

Shemeji yangu ni fundi umeme wa magari. Siku moja ya mvua nilikuwa gereji kwake, mteja akaleta gari ili kidhibiti cha AC, kile kinachopanga baridi chenyewe, kipangwe upya. Alikuwa akiliuza, ila kila mnunuzi alilalamika kuwa upande wa abiria unachemka.

Dada yake huyo mteja alimfuata bila kualikwa. Mama yao alifia kwenye kiti cha abiria, gari likiwa juani, mteja akiwa ndani ya ofisi fulani.

"Nilimwachia AC inawaka," mteja alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Yaliyopita si ndwele, mdogo wangu."

"Yamepita kwako. Mama bado ana kiu."

Shemeji aliunganisha kompyuta, akafuta kumbukumbu zote za kidhibiti.

"Shukeni, fungeni milango. Kinajifunza upya gari likiwa tupu."

Ndani ya dashibodi vijilango vya hewa vikaanza kufunguka na kufunga, polepole, kama mtu anayevuta pumzi.

Joto la ndani likaonekana kwenye kompyuta. Nyuzi ishirini na mbili. Thelathini. Arobaini. Injini ilikuwa imezimwa.

"Sensa ya joto imekufa," mteja alisema.

"Sensa ni mpya," Shemeji alinong'ona.

Hamsini. Kioo cha abiria kikaingia ukungu, kwa ndani. Pumzi za vijilango zikaenda mbio. Kitasa cha ndani kikacheza. Kikatulia. Kikacheza tena.

Mteja alirudi nyuma hadi ukutani.

"Zima, fundi. Nilimwambia narudi sasa hivi. Funguo nilizichukua kwa mazoea tu."

"Mazoea," dada yake alisema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele. Alimpita kaka yake pale ukutani, akafungua mlango wa abiria, akauacha wazi.

"Shuka, mama."

Hewa iliyotoka ilinichoma uso, nami nilikuwa mbali.

Sijawahi kumwita yule mtu muuaji. Sote huchukua funguo kwa mazoea. Lakini uongo wake juu ya kaburi la mama yake, kwamba AC ilikuwa inawaka, huo hata mimi umenishinda kuumeza.

Gari liliuzwa likiwa na kidhibiti kingine. Kile cha zamani kiko rafuni kwa Shemeji, hakina hata waya mmoja. Yule dada hupita mara kwa mara, husimama mlangoni.

"Bado hakijapoa, fundi?"

Shemeji hukigusa, huondoa mkono haraka.

"Bado kinachoma, dada."