Kiitikio Kando ya Mshitu

Rafiki yangu Vitus alipewa albamu ya metali, muziki mzito wa roki, ya Waviking, mabaharia wa kale wa Ulaya Kaskazini, na Eliufoo, aliyepita naye jando: nyimbo ndefu zenye ngoma, filimbi na kwaya ya wanaume.

"Sikiliza ukipanda mlimani Suji, mwanangu. Kiitikio kikifika, itikia!" Eliufoo alimwambia.

Jioni, ukungu ukishuka, Vitus aliitikia kwa nguvu. Alipotanabahi alikuwa kando ya mshitu, msitu wa matambiko. Jandoni wote wawili walifundishwa kuupita kimya, maana anayeimba pale amejitoa mwenyewe kwa mizimu. Eliufoo hakuwa amesahau.

Vitus alichomoa waya masikioni, akazima simu. Ngoma hazikukoma. Zilitoka mitini, kwaya pia, na aliyeiongoza alikuwa na sauti ya Eliufoo:

"Huyo hapo, nimemleta. Sasa mimi niacheni."