Viganja Ndani ya Rekodi

Wakili alimaliza kusoma barua yake, akasema "mwisho wa barua," na baada ya hapo mtu mwingine akavuta pumzi.

Mchapaji aliacha kuandika. Akairudisha rekodi nyuma kidogo, akasikiliza tena. Mwaka wa nne huo alikuwa akimchapia wakili yule barua zake, na alijua kwamba hurekodi peke yake, mlango umefungwa, maana ni mtu anayeona haya kuongea na simu mbele za watu. Lakini pumzi ilikuwapo. Ilikuwa ndefu, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyetoka kukohoa. Mchapaji akatabasamu. Kumbe ndiyo raha ya kifaa kipya, alijiambia, hata mhudumu aliyeleta chai unamsikia.

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kiberiti. Aliletewa jana yake na mdogo wake, aliyekuwa amechoka kumsikia akilalamika. Kompyuta ya mchapaji ilikuwa ya siku nyingi, na ukichomeka hedifoni kwenye tundu lake unasikia mchirizo usiokatika, kama kitunguu kinachokaangwa chumba cha pili. Kwa mtu anayekula kwa masikio yake, hilo si jambo dogo.

"Sauti humu ndani ni tarakimu tupu, dada," mdogo wake alimweleza, akigonga kompyuta kwa kidole. "Kuna kidude kinachozigeuza ziwe sauti, ila kimebanwa pamoja na feni na makorokoro mengine, ndiyo maana kinakoroma. Hiki kibadilisha sauti kinaifanya kazi hiyohiyo huku nje, pasipo kelele."

"Na wewe umeyasomea wapi hayo?"

"Kwa muuzaji."

Walicheka mpaka mdogo mtu akapaliwa na chai. Akakichomeka kwenye tundu la flashi, akachomeka hedifoni kwenye kifaa, akakichagua kwenye mipangilio ya sauti, kisha akashusha sauti hadi chini kabla ya kumvisha dada yake, asije akamtoboa masikio. Wimbo wa zamani ukaanza, na mchapaji akamsikia mwimbaji akifungua midomo kabla hajaimba. Machozi yalimlenga.

Dada mtu alimwita mdogo wake Kinda, ingawa Kinda sasa alikuwa na ndevu na watoto wawili wanaoishi na mama yao. Mama wa ndugu hawa wawili alifariki Kinda akiwa na miaka sita, na dada mtu akamlea kwa vidole hivyohivyo kumi vya kuchapa. Sasa Kinda alikuwa msimamizi mkuu wa ghala jipya la magodoro. Alivyofika kwenye cheo hicho ni habari ya kusikitisha, nami nitaifikia, kwa sababu hapo ndipo dhambi ya dada yake ilipojificha.

Siku ya pili alichapa mhadhara wa daktari. Pumzi ile ilikuwamo. Siku ya tatu alichapa mkutano wa wenye maduka, watu ishirini wakigombania maji ya bomba, na chini ya ugomvi wao pumzi zilikuwa tatu, zikipishana. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, ile saa ambayo hata mbwa wa mtaa hujilaza na barabara hubaki tupu. Ndipo akasikia kiganja kikipiga bati nene, mara moja. Halafu viganja vingi. Na pua yake ikapata harufu ya sponji inayoungua.

Akavua hedifoni, akakimbilia jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Akakichomoa kibadilisha sauti, akachomeka hedifoni kwenye tundu la kompyuta. Mchirizo ukarudi, wenye maduka wakaendelea kugombana, viganja hakuna. Akarudisha kifaa. Viganja vikarudi.

Mtu mwingine angesema kifaa ni kibovu, akakirudisha dukani. Yeye hakusema hivyo. Alikaa akiitazama kompyuta, kwa sababu bati lile alilijua.

Miezi minne nyuma ghala la zamani la magodoro liliungua. Wapakiaji watatu waliukimbilia mlango wa nyuma, wa bati nene, wakaukuta umefungwa kwa ufunguo, na hapo ndipo walipookotwa. Kamati ya uchunguzi ikakaa ndani ya ghala lilelile, kwenye viti vya kukodi juu ya majivu, ikawahoji watu mmoja mmoja na kuwarekodi. Rekodi zikapelekwa kwa mchapaji. Hakuna aliyemuuliza kama ana ndugu pale, naye hakusema.

Alikuwa na utaratibu wake, na alijivunia. Husikiliza mara tatu, na mara ya tatu hafungui macho wala hagusi kitu. Neno likigoma kabisa, huandika katika mabano "haisikiki" na dakika yake. Hakuna anayelihoji neno hilo. Mchapaji akisema haisikiki, basi haisikiki; ni heshima ya kazi yake.

Mlinzi mzee wa ghala alisema hivi: "Ufunguo wa mlango wa nyuma haukuwa kwangu. Alikuwa nao msimamizi wa zamu. Nilimwomba mara tatu aufungue, akaniambia nikae getini, yeye anazuia wizi." Msimamizi wa zamu alikuwa Kinda. Mchirizo au hakuna mchirizo, maneno yale yalisikika kama kengele. Mchapaji aliyasikiliza mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho, kama kawaida yake. Kisha akaandika: haisikiki.

Walioandika ripoti ya kamati hawakuwa waliohoji; wakitegemea karatasi zake tu, waliandika kwamba funguo zote zilikuwa kwa mlinzi, na rekodi zikafutwa kama mkataba ulivyotaka. Mchapaji naye alitia saini kwamba amefuta. Hakufuta. Kwa nini, hata yeye hajui. Labda mtu akizika kitu kibichi hupenda kujua kaburi liko wapi. Kinda akapandishwa cheo. Mzee alikana, hakuaminiwa, akafunguliwa kesi ya vifo vitatu, na hukumu ilikuwa Jumatatu inayokuja. Siku ile ya viganja ilikuwa Alhamisi. Kati ya ndugu wale wawili hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo. Walikula meza moja, kila mmoja akitazama sahani ya mwenzake.

Akaifungua rekodi ya mlinzi. Alikosa kitufe mara mbili. Sauti ya mzee ikaja safi, karibu mno, hata akasikia meno yake ya mbele yaliyopungua, na nyuma ya mzee akasikia ghala lenyewe, upepo kwenye paa lililotoboka, majivu yakisagika chini ya viti, na nyuma ya ghala akasikia viganja, si kwa mbali tena bali hapa, kwenye ngozi ya sikio, viganja sita vikipiga na kuteleza na kupiga tena huku sponji ikinuka mpaka macho yakamwuma, na alipotaka kuvua hedifoni mikono ikakataa kupanda, na katikati ya vile viganja kitu ambacho hakikuwa mzee wala mjumbe wa kamati wala mtu yeyote aliyezaliwa na mama kikamwegemea, kikavuta ile pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kikasema kwa upole kabisa:

"Andika."

Alizinduka yuko sakafuni. Aliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya hofu aliona aibu, aibu ya mtoto aliyefumaniwa na mkono ndani ya chungu.

Asubuhi alibeba kompyuta na kifaa chake, akamwendea mganga, mama wa makamo mwenye miwani, aliyepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Mganga hakuwasha kitu wala hakupiga kelele. Aliomba hedifoni, akasikiliza huku mguu wake ukifuata mdundo wa cherehani za nje, kisha mguu ukatulia. Akazivua taratibu.

"Hawa watatu wanakudai nini, mwanangu?"

Mchapaji akamweleza yote. Ndiyo mara ya kwanza maneno yale yalipotoka kinywani mwake, na yalitoka yakinuka.

"Magofu ya moto hayakosi mwenyewe," mganga alinong'ona. "Jini huyu alikuwa pale. Aliwasikia wakigonga mpaka wakanyamaza, akabeba mikono yao yote. Sasa anatafuta pa kuitua."

"Amenifuata kwa kifaa hiki? Nikitupe?"

"Kifaa kimekosa nini? Una naye miezi minne. Ulikuwa unamfunika na makelele ya kompyuta yako tu."

"Basi nifukizie, mama. Nipe hata kombe la aya ninywe. Nitakulipa."

Mganga akatikisa kichwa. "La kuvunda halina ubani. Umeambiwa uandike, kaandike."

"Nikiandika atatoka?"

"Kwako atatoka."

Mchapaji hakuuliza ataenda wapi. Namlaumu kwa mengi, lakini kwa hilo simlaumu. Mwenye mwiba mguuni haulizi ukishang'olewa utatupwa wapi.

Kinda alimkuta mezani, hedifoni shingoni, ukurasa mweupe mbele yake. Kabla hajavua viatu dada yake akamwambia kuhusu ushahidi wa mzee.

"Ulisikia?" Kinda aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilisikia."

"Tangu siku ileile?"

"Tangu siku ileile."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenijibu ni kweli."

Kinda akakaa. Akachezea ukucha wake. "Magodoro yalikuwa yanaibwa, dada. Nilikuwa nimeonywa mara mbili. Mzee akaja, akaja tena. Nikaona ananisumbua tu. Nikakimbilia mlango wa mbele moto ulipoanza. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Niliusahau, wallahi niliusahau, mpaka nilipofika barabarani."

"Wamhukumu mzee Jumatatu."

"Iache Jumatatu ipite." Alimshika mkono. "Yule ameshaishi, dada. Mimi ndiyo kwanza naanza. Ulinilea ili iweje?"

Wanasema damu nzito kuliko maji, na uzito wake mchapaji aliusikia mwili mzima. Alimtazama yule mtoto wa miaka sita aliyekuwa akilala na kona ya kanga yake mkononi. Angelia, angemkumbatia, na Jumatatu ingepita. Lakini maneno yale, "yule ameshaishi," yalimchoma, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameyawaza miezi minne, ila hakuwahi kuyasikia yakisemwa kwa sauti.

"Nilikulea vibaya," akasema. "Nilikufutia kila kitu."

Akavaa hedifoni, akaandika. Kinda alisimama nyuma yake, hakumzuia. Aliegemea ukuta akisikiliza vitufe. Neno la mwisho lilipoingia, viganja vilikatika. Mchapaji akasikia paa, akasikia upepo, akamsikia mzee akikohoa na kuomba maji. Basi. Utulivu ule ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia, naye aliuonea aibu utamu wake.

Nyuma yake Kinda akageuka ghafla kuelekea mlangoni.

"Nani anagonga?"

Hapakuwa na mtu.

Jioni ileile alipeleka karatasi na rekodi kwa katibu wa kamati, na barua ya kukiri uongo wake. Kazi ya uchapaji iliishia hapo. Wakili aliyemjua miaka minne hakupokea simu yake tena. Jumatatu mzee wa getini aliachiwa. Alipita mbele ya mchapaji kwenye ngazi za mahakama, akamtazama, hakumsalimu. Na Kinda, ambaye siku tatu hakulala, ambaye alikuwa amefungua milango yote ya nyumba na madirisha yote na hata makabati na bado anauliza nani anagonga, alichukuliwa na polisi saa saba mchana.

Kituoni alimwomba askari jambo moja tu. Hakuomba wakili wala maji.

"Mlango, afande. Usiufunge. Sitakimbia, nakuapia."

"Mahabusu haiachwi wazi, kijana," askari alisema, si kwa ubaya, akazungusha ufunguo.

Mchapaji alikuwa kwenye benchi la korido. Alimsikia mdogo wake akigonga, kwanza kwa kidole, kwa adabu, kama mgeni. Kisha kwa kiganja. Kisha kwa viganja vyote viwili, akimwita, "Dada! Dada, wako humu!" Na baada ya hapo, bila hedifoni, bila kifaa chochote, mchapaji akasikia vile vingine vikijiunga, akavihesabu asivyotaka kuhesabu, viganja vinane juu ya bati la mlango wa chumba ambamo aliingizwa mtu mmoja.

"Mfungulie, baba," alimlilia askari. "Nakuomba kwa jina la mama yako, mfungulie!"

"Zamu yangu imekwisha, mama. Ufunguo nimeshaukabidhi."

Akainuka, akaufuata mlango ule na kuweka kiganja chake upande wa nje, mahali ambapo mdogo wake alikuwa akipiga. Bati lilikuwa limeanza kupata moto.